Udzungwa, Mlima wa Kusikiliza

Wanangu, leo nawapeleka kwenye hifadhi ambayo gari huishia mlangoni. Mkienda Mikumi mtamwona twiga mkiwa mmekaa kwenye kiti, na Serengeti ni vivyo hivyo. Udzungwa ni miguu tu. Wageni wote hupanda kwa njia nyembamba zenye mizizi, matope na mawe yanayoteleza, na mwongozaji akiwa mbele. Naipenda hifadhi hii kuliko nyingine zote kwa sababu hiyo hiyo. Anayekwenda kwa miguu husikia mengi, na Udzungwa ni mahali ambapo maajabu kadhaa yalisikika kwanza, ndipo yakaonekana.

Njia ya kufika ni rahisi. Tokeni Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, mpite katikati ya Hifadhi ya Mikumi, na mkishafika mji wa Mikumi muiache barabara kuu ya Iringa mkate kushoto kuelekea Ifakara. Pale Kidatu mtavuka Mto Ruaha Mkuu. Mkishavuka, mashamba ya miwa yatakuwa mkono wa kushoto, tambarare mpaka macho yachoke, na mkono wa kulia mtaona mlima umesimama ghafla, kijani kibichi tangu chini barabarani hadi juu mawinguni. Huo ndio Udzungwa. Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, yapata kilomita 350 kutoka Dar es Salaam. Wapenda treni nao hawakusahauliwa, maana reli ya TAZARA inapita papo hapo chini ya mlima.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,990, sehemu ikiwa Morogoro na sehemu Iringa. Chini kabisa, karibu na miwa, mko kwenye mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Luhombero kinapita mita 2,500. Msitu unapanda umbali wote huo karibu bila kukatika, na jambo hilo ni adimu sana Afrika Mashariki, kwa sababu milima mingi msitu wake wa chini ulishafyekwa kwa ajili ya mashamba, ukabaki ule wa juu peke yake. Mnyama wa Udzungwa anaweza kutoka kwenye joto la bondeni akafika kwenye baridi ya juu bila kutoka kivulini.

Kabla hamjaanza kupanda, inueni vichwa. Pale pale Mang'ula, juu ya miti, huwa kuna mbega wekundu. Hawa ni mbega wekundu wa Iringa, na duniani kote hawapatikani nje ya Tanzania. Wana ndugu zao kisiwani Unguja, wale kima punju wa msitu wa Jozani ambao huenda baadhi yenu mmewaona. Mtazame mmoja kwa makini akiwa anakula. Analivuta tawi kwa vidole vinne, kwa sababu dole gumba hana. Mahali pake pana kinundu kidogo tu. Vidole vile vinne virefu humtosha kabisa kuning'inia na kurukia tawi la pili. Tumbo lake ni kubwa, na usidhani ameshiba kupita kiasi. Chakula chake kikuu ni majani, na majani ni magumu kumeng'enywa. Tumbo la mbega limegawanyika vyumba vyumba, na ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho ambao huyachachusha majani mpaka yatoe lishe. Kazi hiyo inataka muda. Ndiyo maana mtamkuta mbega ameketi kwenye tawi muda mrefu, ametulia, miguu inaning'inia. Yuko kazini.

Sasa tuingie. Hatua chache tu na jua limekwisha. Hewa inakuwa nzito, inanuka udongo na majani yanayooza, na kila kitu kimelowa: magome ya miti, mawe, hata nyuzi za buibui. Maji yote haya yametoka wapi, na bahari iko mbali?

Yametoka huko huko baharini. Upepo wa Bahari ya Hindi huvuma kuja bara ukiwa umebeba mvuke. Njia nzima ni nchi ya chini, unapita tu. Ukifika hapa unakutana na ukuta, na hauna pa kwenda ila juu. Hewa ikipanda hupoa, na hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto. Basi mvuke unageuka ukungu, na ukungu unageuka mvua. Upande huu wa mashariki hunyeshewa mvua inayoweza kufika milimita 2,000 kwa mwaka. Ule upande wa pili, wa Ruaha Mkuu na Iringa, upepo unafika umeshamwaga mzigo wake, na huko mtakuta mibuyu na vichaka vya nchi kavu. Mlima mmoja, nchi mbili.

Tena mvua hii ni ya zamani mno. Kilimanjaro, ambayo mnaijua wote, ni volkano, na kwa umri wa milima ni changa. Udzungwa haikutoka kwenye moto. Ni mwamba wa kale sana uliopasuka na kuinuliwa na nguvu za ardhini, miaka mamilioni mingi iliyopita. Ni ndugu wa milima mingine iliyopangana kama upinde, inayoitwa Milima ya Tao la Mashariki: Taita huko Kenya, kisha Pare, Usambara, Nguru, Uluguru na mingineyo, na Udzungwa ndiyo kubwa kuliko yote, huku mwisho wa kusini.

Zamani hizo msitu mkubwa ulienea kutoka magharibi mwa Afrika hadi pwani yetu. Kisha hali ya hewa ikabadilika, nchi ikakauka, msitu ukarudi nyuma. Mmewahi kuona uwanja wa shule baada ya mvua kubwa? Kwanza wote ni maji, halafu jua linawaka, na yanabaki madimbwi hapa na pale. Misitu ya milima hii ni madimbwi ya namna hiyo. Hata zilipokuja enzi za ukame mkali, misitu mingine ya Afrika iliposinyaa, bahari iliendelea kuleta ukungu hapa, na msitu ukaendelea kuishi. Ndege au chura aliyekuwa ndani ya dimbwi lake hakuweza kuvuka nyika kavu kwenda dimbwi la jirani. Akabaki. Akazaa watoto, na watoto wakazaa, maelfu kwa maelfu ya vizazi, wakibadilika kidogo kidogo kwa namna yao wenyewe, mpaka wakawa viumbe ambao huwezi kuwapata mahali pengine popote.

Hebu tusimame. Nyamazeni kidogo.

Sauti ile kama mtoto mchanga analia kwa nguvu ni hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa wenye kofia juu yake. Akiruka utasikia mabawa yake yakivuma kabla hujamwona. Yule anayekwaruza majani makavu hapo chini anaweza kuwa sange, nitamrudia. Na kama mkibahatika, mtasikia kitu kama mlio mrefu wa kuita, kisha kimya kifupi, kisha kelele za kubwabwaja zinazokwenda mbali sana msituni. Huyo ni dume la ngolaga.

Mwaka 1979 wanasayansi wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu huu huu, unaoitwa Mwanihana, wamekuja kwa ajili ya mbega wekundu. Homewood alikuwa ameshawahi kuchunguza aina fulani ya nyani wa msituni kule Mto Tana, Kenya, akaijua sauti yao. Siku moja akaisikia hapa Udzungwa, mahali ambapo hakuna kitabu kilichosema kwamba wapo. Fikirini mshangao wake! Lakini mwenyeji aliyefuatana nao hakushangaa hata kidogo. Akawaambia: huyo ni ngolaga. Kijijini Sanje kulikuwa na mtoto wa ngolaga aliyefugwa, wakaenda wakamwona kwa macho yao. Leo dunia inamwita kwa jina la kijiji hicho, ngolaga wa Sanje, na hayupo popote duniani isipokuwa kwenye milima hii. Mimi hufurahi kila ninapoisimulia habari hii, kwa sababu watu wa Sanje walikuwa na jina la mnyama huyo mdomoni mwao siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza.

Kijiji hicho cha Sanje, kaskazini kidogo ya Mang'ula, ndipo inapoanzia njia ya kwenda kwenye maporomoko. Ni mwinuko wa kweli. Mtatoka jasho, na shati litabaki limelowa, kwa maana hewa yenyewe imejaa maji, jasho halina pa kukaukia. Chomekeni suruali ndani ya soksi, kwa sababu siafu nao hutumia njia hiyo. Mkiwakuta wamejipanga wanavuka, rukeni msafara wao, msisimame.

Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170 na yanashuka kwa hatua tatu. Hatua ya juu ni dimbwi lililotulia, ambapo mnaweza kuoga. Ukikaa ukingoni unaliona bonde lote la Kilombero: miwa, mpunga, mabati ya nyumba yanameremeta, reli kama uzi. Kisha maji yanafika mwisho wa mwamba na kutoweka. Shukeni kwa njia ya pembeni mpaka chini kabisa muyatazame yanapotua. Hayaanguki kwa pamoja. Yanapasuka hewani, yanakuwa vishungi vyeupe, na vishungi vinakuwa vumbi la maji linalopeperushwa huku na huko na upepo ambao maporomoko yenyewe yameutengeneza. Simama mita kadhaa tu kutoka hapo na kwa muda mfupi kope zako zitakuwa na matone. Jua likiwa nyuma yako utaona upinde wa mvua umeanzia miguuni pako. Mawe ya hapo yamefunikwa na kuvumwani nene, laini, ya kijani kinachong'aa, kwa sababu mvua ya hapo haikatiki mchana wala usiku.

Liwekeni akilini vumbi hilo la maji. Kuna kiumbe mmoja ambaye maisha yake yote yalitegemea kitu hicho tu.

Lakini kwanza niwape habari ya sufuria. Mwaka 1991 wanasayansi kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi ndani kabisa ya milima hii, katika msitu wa Ndundulu. Kulikuwa na ndege aliyenaswa msituni, amepikwa kama kuku. Mmoja wao akatazama sufuriani akaona miguu ya ndege asiyemfahamu. Wakaanza kumtafuta aliye hai, wakampata: kware wa Udzungwa, ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika bado. Walipomchunguza zaidi waligundua kwamba ndugu zake wa karibu hawako Afrika. Wako Asia, kwenye misitu ya huko. Maana yake wazee wa kware huyu waliishi enzi ambazo ndege wa msituni aliweza kusafiri kutoka Asia mpaka hapa bila kukosa msitu. Njia ile ilikauka zamani, wasafiri wote wakaisha, na mmoja akabaki juu ya mlima wa Tanzania.

Msitu huo huo wa Ndundulu ulikuwa na siri nyingine. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa msituni zilimpiga picha sange mkubwa mwenye uso wa kijivu. Sange ana pua ndefu inayochezacheza kama mkonga mdogo, na mtu akimwona mara ya kwanza husema ni panya. Sivyo. Wataalamu walipolinganisha chembe za urithi waligundua kwamba ukoo wa sange uko karibu zaidi na tembo kuliko panya. Huyu wa Udzungwa ana uzito wa gramu 700 hivi, mkubwa kuliko sange wote wanaojulikana. Alitangazwa rasmi mwaka 2008, yaani wakati baadhi ya dada na kaka zenu walikuwa wameshazaliwa. Na katika miaka hiyo hiyo akapatikana kipunji, kima mwenye nywele zilizosimama utosini, anayebweka kwa sauti nzito. Kundi moja la watafiti lilimkuta Mlima Rungwe, Mbeya, na kundi jingine likamkuta Ndundulu, kila moja bila kujua habari za lingine. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na jina lake, na ndilo analoitwa leo duniani kote.

Sasa kiumbe wa vumbi la maji. Upande wa kusini wa milima hii, nje ya mipaka ya hifadhi, Mto Kihansi unadondoka kwenye korongo lenye mawe. Mwaka 1996 walipatikana hapo vyura wadogo wa rangi ya dhahabu. Mkubwa wao hafikii urefu wa sentimita tatu, anatosha kukaa juu ya dole gumba la mtu mzima. Vyura mliozoea hutaga mayai majini, yakatoka viluwiluwi. Mama chura wa Kihansi hatagi. Huzaa watoto walio hai, vyura kamili, wadogo kiasi kwamba lazima uinamishe uso ndipo uone kuwa wana miguu. Makazi yao yalikuwa hekta chache tu za majani na kuvumwani palipolowa kwa vumbi la maporomoko. Nje ya hapo, hakukuwa na hata mmoja duniani.

Na mto ule ule ulikuwa unahitajika kwa umeme. Nchi ilikuwa na shida kubwa ya umeme, watoto wakisoma kwa vibatari, na mwaka 2000 mitambo ya Kihansi ilizinduliwa, yenye uwezo wa megawati 180. Maji mengi yakapelekwa kwenye mitambo. Maporomoko yakanyong'onyea, vumbi la maji likakatika, kuvumwani ikaanza kukauka.

Mwaka huo huo vyura karibu 500 walikusanywa wakasafirishwa kwa ndege hadi Marekani, wakatunzwa kwenye hifadhi za wanyama, wakianzia Bronx, New York. Korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga yale maporomoko. Ikasaidia kwa muda. Kisha ugonjwa wa kuvu, ule ambao umeua vyura sehemu nyingi za dunia, nao ukafika. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki hai walikuwa ndani ya visanduku vya kioo, upande mwingine wa dunia, wakilishwa wadudu kwa mkono na watu waliojifunza polepole joto lao, mwanga wao na unyevu wao. Mwaka 2010 vyura walianza kurudishwa nyumbani, wakapokelewa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wengine wakabebwa mpaka korongoni na kuachiwa kwenye majani yaliyolowa. Kumrudisha nyumbani chura aliyetoweka porini ni kazi ambayo ilikuwa karibu haijawahi kujaribiwa popote, na ilifanyika kwetu. Kazi hiyo bado inaendelea, na si rahisi.

Maji ya milima hii hayaishii kwa vyura. Yanashuka kwenye Mto Kilombero, Kilombero inaingia Rufiji, na Rufiji inamwaga kwenye bahari ile ile iliyoleta ukungu. Njiani yananywesha miwa na mpunga, yanazungusha mitambo. Mchele uliokula jana huenda umetokana nayo.

Watu wa chini ya mlima, hasa wale ambao ua wao unapakana na msitu, wanalipa gharama ya kuishi karibu na maajabu haya, na ningependa mlijue hilo mkiwapungia mikono mkipita. Zamani kina mama waliruhusiwa siku moja kwa wiki kuingia kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo ilifungwa ili msitu upumzike. Kuni ikabidi zitoke kwingine: kwenye miti waliyopanda wenyewe, au sokoni kwa pesa. Naona uamuzi ule ulikuwa wa lazima kwa msitu, na naona pia kwamba aliyeubeba mabegani ni mama wa Mang'ula kuliko mtu mwingine yeyote.

Halafu kuna tembo. Ndiyo, tembo wanapanda milima hii, na mtaona mavi yao kwenye miteremko ambayo ninyi mtaishika kwa mikono. Tangu kale walizoea kushuka Udzungwa, kuvuka bonde la Kilombero na kwenda pori kubwa la Selous, ambalo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Nyerere. Mashamba yakaziba mapito yao. Miaka ya karibuni wanavijiji wamekubali kutenga ardhi ili pito lifunguke tena, na kwa mkulima kutoa ardhi si jambo dogo. Wakati huo huo tembo hutoka usiku kula ndizi na mpunga, kwa hiyo baadhi ya wakulima wamezungushia mashamba yao uzio wa nyuki. Mizinga inaning'inizwa kwa waya, mmoja baada ya mwingine. Tembo akiusukuma waya gizani, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humchoma kandokando ya macho na ndani ya mkonga, kwa hiyo hurudi msituni haraka. Asali ikiiva wakulima huirina na kuiuza. Mkiwa Mang'ula ulizeni, mpate ya kuonja.